Foleni Moja, Serikali Mbili

Wauguzi wa kaunti za Kenya walipogoma Juni 2017, wasirudi kazini hadi Novemba, watu wa Busia, mpakani na Uganda, hawakungoja kushauriwa. Mwenye pesa aliingia kliniki ya kibinafsi. Asiyekuwa nazo alipanda bodaboda, akavuka upande wa Uganda na kuketi kwenye benchi la kituo cha serikali cha huko. Wa Malaba, mji mwingine wa mpakani, walielekea Tororo ya Uganda. Njia yenyewe ilikuwa imeshazoeleka, maana tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017 madaktari nao walikuwa wamegoma kwa siku 100, na homa ya mtoto haijui mgomo.

Miaka minne kabla ya hapo msafara ulikuwa umeelekea upande wa pili. Juni 2013 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure, na ada za zahanati na vituo vya afya zikafutwa. Habari hiyo ilivuka forodha upesi kuliko lori lolote la mafuta. Akina mama wajawazito wa Busia ya Uganda wakaanza kuonekana katika wadi ya uzazi ya hospitali kuu ya Busia ya Kenya. Upande ulio na muuguzi, dawa na kitanda ndio unaopata watu, na siku mambo yakigeuka, nao watu hugeuka. Mkaguzi gani wa serikali angetoa ripoti iliyo wazi kuliko hiyo?

Kwa watu wa hapa hakuna cha ajabu katika hayo. Mwaka 1902 Waingereza waliuchukua mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia chini ya utawala uliokuja kuwa Kenya, na mpaka ukawekwa kwenye mito na vijito ambavyo watu walikuwa wakivuka kuteka maji na kuposa. Wasamia wako pande zote mbili. Wateso wa Amagoro na Wateso wa Tororo wanazikana, wanaozana na kudaiana mahari. Kwa hiyo maongezi ya kwenye meza ya kliniki mara nyingi huenda hivi:

"Mama, unatoka wapi?"

"Hapa tu, sista."

"Hapa ndiyo wapi?"

"Kwa shangazi."

Muuguzi anaandika kijiji cha shangazi na kusonga mbele. Naye ana shangazi ng'ambo, na adhabu ya kaburi aijua maiti: anajua kwamba kumrudisha mama yule ni kumpeleka kwa mkunga wa mtaani, au kumpeleka katika duka la dawa ambako atauziwa vidonge vinne badala ya dozi nzima.

Tatizo halimo katika huruma ya muuguzi. Limo katika kasha la dawa. Nchini Uganda, bohari kuu ya serikali ya dawa, NMS, husambaza dawa kila baada ya miezi miwili. Kwa miaka mingi vituo vidogo, vya daraja la pili na la tatu, vimekuwa vikipokea makasha yaliyokwisha kupangwa kufuatana na daraja la kituo, si kufuatana na urefu wa foleni. Vituo vikubwa vya daraja la nne ndivyo huagiza vinachotaka. Sasa chukua kituo cha daraja la tatu kilicho hatua chache kutoka mpakani, ukilinganishe na mwenzake aliye katikati ya Busoga ambako hakuna mgeni anayefika. Daraja ni moja, kwa hiyo kasha ni moja. Kile cha mpakani kinamaliza dawa ya malaria mapema, na kuanzia hapo hadi gari la NMS lirudi, mgonjwa anapimwa bure, anaandikiwa karatasi bure, kisha anatumwa dukani. Yeye atasimulia kijijini kwamba kituo hakina dawa, na kijiji kitaamini kwamba musawo, yaani mganga wa kituo, ameiuza. Huenda kweli mmoja wao ameiuza; visa hivyo vipo, na ndiyo sababu dawa za Uganda hupigwa chapa ya kuwa mali ya serikali. Lakini hata wauguzi wote wangekuwa malaika, kasha lingeisha tu.

Upande wa Kenya ugonjwa ni huohuo, ila homa imepanda kwingine. Tangu ugatuzi wa 2013 afya iko mikononi mwa kaunti. Kwa miaka kadhaa pesa zilizokusanywa hospitalini zilikuwa zikifagiliwa hadi kwenye mfuko mkuu wa kaunti, na msimamizi wa kituo akitaka kununua pamba sharti asubiri makao makuu. Sheria ya mwaka 2023 imeruhusu vituo vibaki na mapato yao. KEMSA, mamlaka ya serikali ya kusambaza dawa, nayo inazidai kaunti mabilioni, na anayedai si rahisi kumletea mdaiwa mzigo mwingine. Mwananchi huyaona yote hayo katika umbo moja tu, dirisha la dawa lililofungwa.

Watu wa kwetu hupenda kusema kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, mtu alipe hata kidogo ili ajue thamani yake. Nimelisikia hilo kwa waheshimiwa, kwa wahubiri na hata kwa madaktari wenyewe. Ni neno linalovutia, na Busia imelipima na kulikuta si kweli. Kuanzia mwaka 1998, shule 75 za msingi katika Busia ya Kenya zilitumiwa katika utafiti wa dawa za minyoo ambao baadaye ulisomwa dunia nzima; mmoja wa waliouongoza, Michael Kremer, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Sehemu isiyotajwa sana ya kazi ile ndiyo inayotuhusu. Dawa ilipotolewa bure, asilimia 75 ya watoto waliimeza. Wazazi wa baadhi ya shule walipotakiwa kuchangia, wastani wa senti 30 tu za dola kwa mtoto, idadi ikaanguka hadi asilimia 19.

Neti zikatoa jibu hilohilo. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walifanya majaribio katika kliniki za wajawazito za magharibi mwa Kenya, wakapanga bei tofauti kwa kliniki tofauti. Bei ilipotoka bure ikafika senti 60 za dola, shilingi 40 za Kenya kwa wakati huo, wanaochukua neti walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Na wale waliolipa hawakuzitumia zaidi ya waliopewa bure. Shilingi 40 ni bei ya chai na andazi kibandani. Lakini mama aliyekuja na watoto watatu na nauli ya kwenda bila ya kurudi hazipimi kwa chai.

Uganda ilifuta ada katika vituo vyake vya serikali Machi 2001, katikati ya kampeni za urais, na maskini wakajaa kwenye vituo. Kenya ilikwenda kwa kusuasua: mwaka 2004 ikaweka shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya, kisha 2013 ikazifuta. Sasa kuna SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani, NHIF, Oktoba 2024, ikiahidi kwamba huduma za zahanati na vituo vya afya zitalipiwa na mfuko wa serikali. Ahadi ni njema. Ila mfumo wake unamtambua mtu kwa kusajiliwa na kwa nambari ya kitambulisho, na mama anayeishi ng'ambo hana nambari hiyo. Kituo kitakachompokea kitakuwa kimemhudumia kwa hasara, na msimamizi mwenye madeni anaweza kusukumwa kuuliza swali la shangazi kwa ukali zaidi kuliko zamani.

Mipaka ya utawala huamua hata kinga ya malaria. Tuje Nagongera, katika wilaya ya Tororo. Kati ya mwaka 2011 na 2013 watafiti wa malaria walihesabu kwamba mkazi wa hapo alikuwa akiumwa mara 310 kwa mwaka na mbu waliobeba vimelea. Ni karibu kila usiku. Desemba 2014 serikali, kwa fedha za wafadhili, ilianza kupuliza dawa katika kuta za nyumba za wilaya ile, na malaria ikaporomoka kiasi ambacho watu wazima hawakuwa wamekiona maishani mwao. Busia, wilaya jirani ya Uganda, haikupulizwa. Ungeweza kusimama shambani mahali wilaya mbili zinapokutana, nyumba moja imepulizwa na inayofuata haikupulizwa, na mbu hana ramani.

Kisha mwaka 2020 dawa ya kupuliza ikabadilishwa, ikaletwa yenye clothianidin, na malaria ikaanza kurudi hadi kukaribia ilivyokuwa mwanzo. Nani aligundua? Madaftari ya vituo vya afya vya serikali, kikiwamo cha Nagongera chenyewe, ambako kila mwenye homa hupimwa na jibu lake kuandikwa. Wengi wetu tukisema kituo cha afya tunafikiria sindano na vidonge. Lakini lile daftari kubwa lililochakaa pembe, analolijaza mtu wa maabara huku mtoto akilia mlangoni, ndilo jicho la nchi. Kituo kikifungwa kwa mgomo au kwa kukosa vipimo, malaria haipungui. Kinachopungua ni takwimu zake, na waziri anaweza kusimama bungeni akashukuru.

Chanjo ya malaria imeongeza mkanganyiko wake. Kenya ilianza kuitoa Septemba 2019 katika kaunti 8 za magharibi, Busia ikiwamo, kwa ratiba ya miezi 6, 7, 9 na 24. Uganda ilianza Aprili 2025, kwa chanjo ya aina nyingine, kwa miezi 6, 7, 8 na 18. Mtoto aliyechanjwa mara mbili kwa bibi yake kule Matayos, Busia ya Kenya, akihamia kwa baba yake Tororo anafika na kadi ambayo muuguzi wa pale hana budi kuifasiri mwenyewe.

Chini ya kituo wapo wale wanaotembea nyumba hadi nyumba. Septemba 2023 Kenya iliwazindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja na mkoba wa vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Wenzao wa Uganda, watu wa VHT, yaani timu za afya za vijiji, wanapima malaria kwa kipimo cha haraka, wanatibu kuhara na nimonia ya watoto, na wanafanya hivyo kwa kujitolea. Fulana, baiskeli ya mradi fulani, posho ya siku ya semina, basi. Wakikutana sokoni na wenzao wa ng'ambo, sidhani mazungumzo huwa ya kupendeza.

Kwamba kazi ya namna hii inaokoa watu, Tororo inajua tangu zamani. Mwaka 2003, wakati wengi walipodai kwamba dawa za ukimwi haziwezekani vijijini Afrika, mradi uliofanywa pamoja na TASO, shirika la Uganda la kuwasaidia wenye ukimwi, ulizipeleka kwa pikipiki hadi majumbani katika vijiji vya Tororo na Busia, kila wiki, kwa mikono ya vijana wasio madaktari waliofunzwa tu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2008: vifo vya watu wazima waliopata dawa vilipungua kwa asilimia 95, na watoto wao wasio na virusi nao walikufa kwa uchache zaidi, kwa sababu mzazi alikuwa hai.

Pikipiki zile zilikuwa za msaada wa Marekani, na hapo ndipo udhaifu wa jengo zima ulipo. Januari 2025 misaada hiyo iliposimamishwa, wahudumu waliokuwa wakilipwa na miradi walirudishwa nyumbani, na Wizara ya Afya ya Uganda ikaagiza kliniki za dawa za ukimwi ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Foleni mbili zikawa moja. Aprili 2001, Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Kenya haijafika, Uganda haijafika. Wakati huohuo hatujawahi kukosa majengo. Kila mbunge anapenda zahanati mpya, kwa sababu ukuta unapigwa rangi na jina linaandikwa, ilhali mshahara wa muuguzi hauna mahali pa kukata utepe.

Mimi sidai wizara mpya wala mkataba mwingine wa Afrika Mashariki. Mwaka wa fedha wa nchi zote mbili huanza Julai 1, na madaftari ya kliniki za pande zote mbili yana safu ya mahali anapoishi mgonjwa. Kaunti ya Busia na wilaya za Busia na Tororo zinaweza kuagiza safu hizo zijazwe ukweli bila mgonjwa kurudishwa, zizisome kwa mwaka mmoja, kituo baada ya kituo, zihesabu waliovuka kila upande, kisha zidai kwa Nairobi na Kampala makasha yaliyopimwa kwa foleni iliyopo na fedha za kufidia wageni. Shangazi wote wahesabiwe, hata wa kubuni. Ni kazi ya makarani wawili na kikokotoo. Posho za semina moja ya ushirikiano wa mpakani, na chai yake ya saa nne, hugharimu zaidi.