Fahamu: Kwa Nini Wazo Lifukuzwalo Hurejea

Mjini Dodoma, jina la Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoanzishwa zama za Waingereza, hutajwa vinywani kwa dhihaka, na kwa sababu hiyo wengi wajiwao na fikra wasizozitaka, kama mama aonaye moyoni taswira ya kumdhuru mwanawe ampendaye, huzisitiri kwa haya, wakidhani wamerukwa na akili. Hilo lanihuzunisha mno, kwani katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, takriban asilimia 94 ya wanafunzi 777 wa nchi 13 walikiri kujiwa na fikra za namna hiyo.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner wa Marekani aliwataka wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na wapige kengele kila awajiapo, kengele zikalia. Akili, ili ihakiki kuwa wazo halipo, hulazimika kulitafuta, na kwa kulitafuta hulileta.

Vivyo hivyo wasiwasi, neno ambalo asili yake ya Kiarabu ni mnong'ono, hauzimwi kwa kutawadha mara kumi ili kuufukuza. Tabibu humfunza mgonjwa kuuacha mnong'ono upite bila kuujibu, na ukimlemea hata akashindwa kazi, zipo pia dawa.