Baada ya Upasuaji wa Tezi Dume, Mzee Aulizwe

Wavuvi wa samaki wadogo waitwao chisense huko Mununga, Zambia, kando ya Ziwa Mweru, hufanya kazi usiku, taa ikiwaka juu ya maji. Tuseme mmoja wao alitolewa tezi dume kwa sababu ya saratani. Kila akikaza misuli kuvuta wavu, mkojo unamtoka. Asubuhi, wenzake wakianika samaki, yeye anafua kwa siri kipande cha kitambaa cha chitenge alichokikunja ndani ya suruali. Siku ya kliniki daktari anamuuliza, "Mzee, hujambo?" Anajibu, "Sijambo." Faili linaandikwa: amepona.

Damu nayo haitamsaidia kusema. Tezi ikishatolewa yote, kipimo cha damu kiitwacho PSA hushuka hadi karibu na sifuri. Kikipanda kufikia nanogramu 0.2 kwa mililita, na kipimo cha pili kikathibitisha, tunahofia saratani imerudi. Kuhusu kile kitambaa, PSA haisemi lolote.

Kwa hiyo wataalamu hutumia dodoso liitwalo EPIC-26, lenye maswali 26. Katika wiki nne zilizopita mkojo umekutoka mara ngapi? Umetumia vitambaa vingapi kwa siku? Nguvu za kiume zikoje, na choo je? Majibu hupewa alama, 0 hadi 100. Mgonjwa huulizwa kabla ya upasuaji pia, kwa kuwa mzee wa miaka 65 huenda alikuwa na shida hizo tangu zamani.

Maswali ya EPIC ndiyo yaliyoipima hata roboti ya upasuaji, ile mikono ya mashine inayoongozwa na daktari aliyeketi pembeni. Huko Brisbane, Australia, wanaume 326 waligawanywa kwa kura: roboti au upasuaji wa kawaida. Waliofanyiwa kwa roboti walipoteza damu kidogo zaidi. Lakini katika kuzuia mkojo na nguvu za kiume, matokeo yaliyotolewa 2016 yalionyesha kuwa baada ya wiki 12 makundi hayo mawili hayakutofautiana. Hata baada ya miezi 24 hali ilikuwa hiyo hiyo.

Hospitali ya saratani ya Lusaka, iliyofunguliwa 2007, iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Mununga. Maswali haya hayahitaji safari hiyo. Ndugu muuguzi wa zahanati, mzee akirudi kutoka kwenye upasuaji, mwite faraghani. Muulize jana alibadilisha vitambaa vingapi, andika idadi na tarehe, kisha mwezi ujao umuulize tena.