Sayari Zinapita Juu ya Mpanda

Wako wanaodhani kupiga picha za sayari ni kazi ya wenye mitambo ya mamilioni. Sivyo. Mpanda iko nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo Mshtarii na Zohali hupanda juu sana, ambako mwanga wake hupenya hewa kidogo. Kuna miaka ambapo watu wa London huziona chini tu, zikitetemeka.

Shikiza kamera ndogo ya dijitali, hata ya simu, kwenye lenzi ya kuchungulia ya darubini. Piga video ya dakika moja, si picha moja, maana hewa hutulia kwa nukta tu. Chagua picha zilizo safi, kompyuta iziunganishe. Jua usililenge kamwe: jicho haliuzwi dukani.

Mwaka 1610 Galileo aliona miezi 4 inayoizunguka Mshtarii. Kijana wa Katavi naye asingoje kuhadithiwa.