Pointi sita za mtaro

Kwenye ligi za vijana wa Mathare, jijini Nairobi, timu ikishinda mechi hupata pointi tatu. Ikisafisha mtaa vizuri hupata hadi sita. Kwa hivyo timu yenye washambuliaji hodari lakini isiyoshika reki inaweza kupitwa kwenye jedwali na timu inayofungwa kila wikendi.

Utaratibu huo ni wa MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare kilichoanzishwa mwaka 1987. Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi Nairobi kama mshauri wa mazingira, aliwakubalia watoto wa mtaa msaada wa ligi kwa sharti moja: nao wasafishe kwao. Takataka zilikuwa hazizolewi, mitaro imeziba, na maji yaliyotuama yakileta malaria na kuhara. Ligi zimeenea hadi Kariobangi, Dandora na Kayole, na mwaka 1992 chama kilipata tuzo ya Global 500 ya UNEP, shirika ambalo makao yake yako Gigiri, upande wa pili wa jiji hili hili.

Mwanagenzi wa kujitolea anayetoka ng'ambo kuja kufanya kazi na MYSA huikuta wiki ya Mathare tayari imepangwa. Kuna mazoezi baada ya shule, maktaba, vikao vya makamati, mafunzo kuhusu Ukimwi, halafu mechi na usafi wa wikendi. Marefa, makocha na viongozi ni vijana wa mitaa hiyo hiyo, na viongozi huchaguliwa na wenzao. Anayempangia mgeni kazi huenda ni kijana wa miaka kumi na minane, na shahada ya mgeni haimpunguzii kijana huyo mamlaka yake hata kidogo. Yeye ndiye anayejua maji ya mtaro yanaelekea wapi, takataka zikitolewa zipelekwe wapi, na mama yupi aombwe kwa adabu asogeze meza yake ya mandazi ili sepetu zipite.

Hapo ndipo mafunzo yalipo. Mathare na mitaa mingine ya Eastlands imewaona wageni wengi wa siku chache, wanaopiga picha na watoto wa watu kisha kuondoka nazo. Lana Wong, mpiga picha Mmarekani, alifanya kinyume. Mwaka 1997 aliwapa wavulana na wasichana 31 wa MYSA kamera rahisi za plastiki, akawafundisha kuzitumia, nao wakapiga picha za nyumbani kwao, za rafiki zao, za mto na vichochoro vyao. Kazi hiyo ilitoka kama kitabu, Shootback, mwaka 1999. Mmoja wa watoto hao, Julius Mwelu, alikuja kuwa mpiga picha wa kulipwa, akaanzisha Mwelu Foundation papo hapo Mathare ili kuwafundisha wadogo zake wa mtaa. Wageni wa namna hiyo ndio wanaohitajika, wanaoacha ujuzi na vifaa mikononi mwa wenyeji.

Mgeni anapaswa kujua jambo jingine kabla hajashika ufagio. Kijana anayefanya kazi kando yake hafanyi kwa sababu ana muda wa kupoteza. Katika MYSA huduma kwa jamii huhesabiwa kwa pointi, na wanaoongoza hupata msaada wa karo unaolipwa moja kwa moja shuleni. Jumamosi moja ya kazi inaweza kumsogeza mtoto karibu na muhula wake ujao. Mgeni asiye na karo ya kulipa aige bidii hiyo, na asimnyang'anye mtu nafasi.

Na kazi yenyewe si ya maonyesho. Aprili 2024 mafuriko yalikumba Mathare, watu wakafa na nyumba zikasombwa. Baadaye serikali ikaleta matingatinga kubomoa nyumba zilizokuwa karibu na mto. Kuzibua mitaro ya vichochoroni hakuwezi kuuzuia mto uliofura, lakini kunaamua kama maji ya mvua ya kawaida yatapita au yataingia chumbani watoto walikolala.

Wiki moja inamtosha mwanagenzi kujifunza majina na njia, basi. Anayetaka kufaa kweli afike Machi, kabla masika hayajashika, akae hadi Juni, na kila Jumamosi aripoti kwa kiongozi wa eneo lake kama mwanachama mwingine yeyote.