Lau Muhammad Ali angepanda ulingoni leo

Vijana wetu hupenda kubishana: lau Muhammad Ali (Allah amrehemu) angepigana zama hizi za mabondia warefu kama minara, angeshinda? Wanaomtilia shaka hutaja uzito. Ali wa mwaka 1966, akiwa katika ubora wake, alikuwa na kilo zipatazo 96 tu, ilhali Tyson Fury huvuka 115. Hoja hiyo haitutoshi. Mwezi Mei 2024, mjini Riyadh, Oleksandr Usyk, ambaye kimo chake ni kile kile cha Ali, takriban sentimita 191, alimshinda Fury huyo kwa pointi. Na miguu ya Ali, kwa maoni yetu, ilikuwa myepesi zaidi.

Linalotushughulisha sisi ni jingine. Mwaka 1967 Ali alikataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam, akitaja dini yake. Akapokonywa ubingwa, na hakupigana tena hadi Oktoba 1970. Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa haki mwaka 1971, lakini miaka ya bondia hairudishwi kwa hukumu. Miguu ilipopungua kasi, akazoea kuyapokea makonde, kama alivyofanya mbele ya George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974. Tena mapambano ya ubingwa yalikuwa ya raundi 15. Leo ni 12.

Mwaka 1984 akagunduliwa kuwa na maradhi ya Parkinson. Lau angeishi zama hizi, huenda madaktari wangemteremsha ulingoni mapema, naye angezeeka na ulimi wake ule ule uliowachekesha wengi na kuwaudhi wengine.