NANI ALIUA NG'OMBE WA NEW MEXICO?

Ndugu msomaji, fikiri kwamba asubuhi moja unakwenda machungani kumtafuta ng'ombe wako aliyepotea. Unamkuta amelala chini. Amekufa. Unamsogelea. Jicho moja halipo. Ulimi haupo. Kiwele kimeondolewa, na ngozi ya pale imekatika vizuri, kama kwa kisu kikali. Sehemu za nyuma nazo hazipo. Limebaki tundu la mviringo tu. Unatazama chini, huoni damu. Unatafuta nyayo za mtu, huzioni. Unatafuta nyayo za mnyama, huzioni.

Utasema nini? Na jirani yako utamwambia nini?

Jambo hili liliwapata wafugaji wengi wa Marekani katika miaka ya 1970. Katika jimbo moja tu, jimbo la Colorado, polisi walipokea taarifa zaidi ya 200 za mizoga ya namna hiyo katika mwaka 1975. Jimbo linalofuata upande wa kusini ni New Mexico, ambalo linapakana na nchi ya Meksiko. Huko nako taarifa zilikuwa nyingi, hasa karibu na mji mdogo wa Dulce, katika ardhi ya Wahindi Wekundu wa kabila la Jicarilla Apache.

Watu walikuwa na hakika kwamba ng'ombe hao wameuawa. Lakini nani aliwaua? Hapo kila mtu alikuwa na muuaji wake. Wengine walisema ni watu wa dini ya siri wanaoabudu shetani. Wengine walisema ni jeshi la serikali, linakuja usiku kwa helikopta na kufanya majaribio. Na wengi walisema ni viumbe kutoka nyota nyingine. Walisema viumbe hao husafiri katika vyombo vya ajabu vyenye umbo kama kisahani cha chai. Vyombo hivyo huitwa visahani vinavyoruka.

Si kwamba watu hao walikuwa wajinga. Walikuwa wafugaji wa miaka mingi, na polisi wenye mafunzo. Walikuwa wameona taa za ajabu angani usiku. Asubuhi wakaona mzoga. Wakaunganisha mambo hayo mawili.

FARASI WA KWANZA

Habari hizi zilianza kusikika sana mwaka 1967, huko huko Colorado, katika bonde la San Luis. Farasi mmoja alikutwa amekufa, na kichwa na shingo yake vimebaki mifupa mitupu. Wenyewe wakasema ni kazi ya visahani vinavyoruka. Waandishi wa magazeti wakaja mbio. Walimwita farasi huyo Snippy, na jina hilo likaenea dunia nzima. Kumbe jina lake hasa lilikuwa Lady. Hata jina la marehemu walilikosea!

Wakati huo Chuo Kikuu cha Colorado kilikuwa na kamati ya wataalamu waliolipwa na serikali kuchunguza habari za visahani. Kamati hiyo ilimpeleka daktari wa mifugo amtazame farasi huyo. Daktari aliona kwamba farasi alikuwa na ugonjwa mkali katika paja, wenye usaha. Alifikiri kwamba pengine mtu mwenye huruma alimkata koo ili asiteseke. Kisha ndege na wanyama wakala nyama. Lakini maneno ya daktari hayakuuza magazeti kama maneno ya visahani.

HOFU INAENEA

Hofu ni kama moto wa nyasi. Katika miaka ya 1970 wafugaji walianza kulinda usiku wakiwa na bunduki. Katika jimbo la Nebraska wakubwa wa jeshi la akiba waliamuru helikopta zao ziruke juu zaidi kuliko kawaida, maana waliogopa kwamba wafugaji wangezipiga risasi. Unaona mambo yalipofika. Ng'ombe amekufa, na sasa binadamu naye yuko karibu kufa kwa ajili yake.

Tarehe 20 Aprili 1979 mkutano mkubwa ulifanyika katika mji wa Albuquerque, New Mexico. Aliyeuitisha ni Seneta Harrison Schmitt. Seneta ni mjumbe wa baraza la juu la bunge la Marekani. Bwana huyu si mtu wa kawaida. Mwezi wa Desemba 1972 alisafiri kwa chombo kiitwacho Apollo 17, akatembea juu ya mwezi kwa miguu yake, akarudi na mawe. Kwa hiyo mtu aliyekwenda angani kweli ndiye aliyewaita watu wazungumze habari za wageni kutoka angani.

Baada ya mkutano serikali ilitoa fedha ili uchunguzi ufanyike New Mexico. Gharama ya uchunguzi huo ilikuwa karibu dola 45,000. Kazi akapewa Bwana Kenneth Rommel. Bwana Rommel alikuwa mpelelezi, yaani askari kanzu. Alikuwa ametumika miaka 28 katika FBI, ambayo ni idara ya upelelezi ya serikali kuu ya Marekani. Alikuwa amezoea kupeleleza makosa ya watu. Sasa akaambiwa apeleleze vifo vya ng'ombe.

MPELELEZI ANAANZA KAZI

Bwana Rommel alianza mwezi wa Mei 1979. Aliwaomba watu wamwite upesi kila wanapoona mzoga wa ajabu. Hakutaka kusikia habari kwa mdomo tu. Alitaka kufika mahali penyewe, kuona mzoga kwa macho, kupiga picha, na kupeleka vipande vya nyama na ngozi kwa wataalamu wapimwe.

Mimi ni bwana mifugo, si askari. Lakini nilipoisoma habari ya mtu huyu nilimwelewa sana. Wengine wote walikuwa wakiuliza, "Ni nani aliyekuja usiku?" Yeye aliuliza jambo jingine. Aliuliza, "Ng'ombe yeyote akifa uwandani akaachwa, mzoga wake unakuwaje?"

Usione swali hilo kuwa dogo. Wafugaji wa New Mexico hawachungi kama sisi. Huko hakuna mtoto anayefuata ng'ombe na fimbo kutwa nzima. Nchi ni kavu na kubwa. Ng'ombe huachwa wenyewe, na mwenye mali huja kuwatazama baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo akimkuta ng'ombe amekufa, hajui kama alikufa jana au juzi au juma lililopita. Siku zile katikati hakuna aliyeziona. Na katika siku zile ndimo kazi yote ilimofanyika.

Hebu tufuate kazi hiyo.

Ng'ombe amekufa. Pengine ni ugonjwa, pengine amekula majani yenye sumu, pengine ni radi. Ndege na wanyama wanaokula mizoga wanafika. Kule kuna tumbusi, kuna kunguru, na kuna mnyama aitwaye koyote, ambaye ni mfano wa mbweha. Wataanzia wapi? Ngozi ya ng'ombe ni ngumu. Wewe mwenyewe unajua ilivyo taabu kuichuna. Basi wanaanzia pale palipo laini: jicho, ulimi, midomo, kiwele, sehemu za siri na njia ya haja kubwa. Sehemu hizo ndizo zile zile zilizokosekana kwa ng'ombe wa Marekani. Na kwa nini mara nyingi lilikosekana jicho moja tu? Kwa sababu jicho la pili lilikuwa limelalia chini. Ndege hakuweza kulifikia.

Wanafuata nzi. Nzi hutaga mayai katika mzoga muda mfupi baada ya kifo. Mayai yanakuwa funza, na funza husafisha nyama mpaka mahali pale panang'aa kama pamesuguliwa. Tumbo nalo linajaa hewa na kuvimba. Ngozi inavutwa, inapasuka kwa mstari. Kisha jua linaikausha, kingo zake zinajikunja na kuwa laini. Ukiona pasuko hilo baada ya siku mbili utaapa kwamba ni kisu.

Na damu je? Ndugu msomaji, jambo hili unalijua tangu utoto. Ukichinja mbuzi aliye hai damu inaruka, kwa sababu moyo bado unaisukuma. Ukimkata kibudu, damu hairuki. Moyo umesimama. Damu imeshuka upande wa chini wa mwili, imeganda huko. Mnyama akimtafuna ng'ombe aliyekwisha kufa hatamwaga damu chini. Jambo lililowatisha wasomi wa Marekani ni jambo ambalo kila mchinjaji wa kijijini angeweza kuwaeleza.

ASKARI WANAMLINDA MAITI

Mwaka huo huo wa 1979 mkuu wa polisi wa wilaya ya Washington, katika jimbo la Arkansas, alifanya jambo la busara sana. Alichukua ng'ombe aliyekufa akamweka uwandani. Kisha akawaweka watu wake wamlinde na kumwangalia muda wa siku mbili. Hawakutakiwa kumfukuza mnyama wala ndege. Kazi yao ilikuwa kutazama na kuandika.

Hakuna kisahani kilichotua. Hakuna mtu wa dini ya siri aliyekuja. Waliokuja ni ndege na nzi. Tumbo likavimba, ngozi ikapasuka, funza wakafanya kazi yao. Mwisho wa saa hizo mzoga ulikuwa sawa kabisa na ile mizoga iliyosemwa kuwa imekatwa na viumbe wa angani. Nafikiri askari wale hawakupenda harufu ya kazi ile, lakini walipata jibu kwa bei ya ng'ombe mmoja.

Bwana Rommel alimaliza kazi yake mwezi wa Juni 1980. Aliandika ripoti ya karibu kurasa 300. Alisema kwamba mizoga aliyoichunguza ililiwa na wanyama, ndege na wadudu. Hakupata ushahidi wa wageni kutoka angani, wala wa watu wa dini ya siri, wala wa jeshi.

Je, watu wote walikubali? Hapana. Bwana Gabe Valdez, polisi wa jimbo aliyekuwa akifanya kazi Dulce, hakukubali. Yeye alikuwa ameanza kuchunguza mizoga hiyo miaka mitatu kabla ya Rommel. Waliompinga Rommel walisema kwamba mizoga ya ajabu kweli kweli ilitokea kabla hajafika, na kwamba yeye aliona ile ya kawaida tu. Hilo ni gumu kupima, maana mzoga wa miaka mitatu iliyopita hauwezi kuchunguzwa tena.

MTU ALIYENYOOSHEWA KIDOLE

Nilipoanza kazi niliitwa kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Ndama watatu wa mzee mmoja walikuwa wamekufa kwa siku nne. Jioni walikuwa wazima na wanene, asubuhi wamekufa. Nilipofika nilikuta watu wamekwisha kukaa baraza. Walikuwa wanamzungumza mama mmoja mjane, jirani wa mzee huyo. Walisema ana jicho baya. Mama mwenyewe alikuwa amejifungia ndani na watoto wake.

Nilimtazama ndama wa tatu. Paja lilikuwa limevimba. Nilipolibonyeza kwa kidole nilisikia sauti ya kuvunjika-vunjika, kama unabonyeza majani makavu. Ile ni hewa chini ya ngozi. Huo ni ugonjwa wa chambavu. Huwapata hasa ng'ombe wachanga wenye afya nzuri, na huua kwa siku moja au mbili. Vijidudu vyake hukaa katika udongo miaka mingi. Chanjo yake iko. Tuliwachanja ndama waliobaki. Yule mama alifungua mlango siku ya pili.

Kwa sababu hiyo nakuomba, ng'ombe wako akifa ghafla, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo, kabla ya tumbusi na kabla ya maneno. Na kama damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, usimpasue, usimchune, usile nyama yake. Huenda ni kimeta, na kimeta huua watu. Waweke watoto na mbwa mbali mpaka mtaalamu afike. Mzoga huo huchomwa moto au kufukiwa shimo refu.

Huko Marekani mambo hayajakwisha. Mwaka 2019 madume matano yalikutwa yamekufa katika jimbo la Oregon, bila ndimi na bila sehemu za siri. Iliahidiwa zawadi ya dola 25,000 kwa mtu atakayesema nani amefanya hivyo. Mwezi wa Aprili 2023 polisi wa wilaya ya Madison, jimbo la Texas, walitangaza habari za ng'ombe sita waliokutwa bila ndimi, na hakuna damu chini. Watu wakaanza tena kutazama juu. Mimi ningekuwa huko ningemwuliza mwenye ng'ombe jambo moja kwanza: mara ya mwisho ulimwona akiwa hai siku gani?