Laptopu ya mtumba: Soma namba ya prosesa kabla ya kuvuka mpaka

Mfanyabiashara wa Arusha anayenunua laptopu ya mtumba Nairobi, au wa Bukoba anayeinunua Kampala, ana tatizo ambalo mteja wa mtaani hana. Akigundua nyumbani kwamba mashine ina kasoro, mwenye duka yuko ng'ambo ya mpaka. Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na siku za kufunga biashara, zinaweza kumeza nafuu yote aliyoipata kwenye bei.

Uamuzi huo umekuwa mzito zaidi tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 na, kwa AMD, baadhi ya Ryzen za mfululizo wa 2000 na zilizofuata. Laptopu nyingi za kabla ya hapo bado ni nzima, ila mfumo wake hauzibwi tena mianya ya usalama, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye huduma ya nyongeza, ambayo nayo ina mwisho wake.

Ndiyo maana Linux inafaa kufikiriwa. Ni mfumo endeshi wa bure ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Matoleo yake mawili yanayomfaa anayeanza, Ubuntu na Linux Mint, yanaweza kusakinishwa pamoja na LibreOffice, programu inayofungua majedwali ya Excel. Lakini si kila laptopu inapatana na Linux kwa kiwango kilekile, na tofauti kubwa iko kwenye prosesa na kadi ya michoro.

Namba inasema nini

Muuzaji akisema "hii ni Core i5", bado hajasema lolote. Ziko i5 za miaka zaidi ya kumi iliyopita na ziko za juzi. Mnunuzi aombe namba kamili. Kwenye i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, yaani kizazi cha 6. Kwenye i5-8250U ni kizazi cha 8. Namba ikianza na 1, kama i7-10610U, zisomwe tarakimu mbili: kizazi cha 10.

Kwa Linux, kizazi cha 6 na cha 7 vinatosha kwa daftari la mauzo, barua pepe na intaneti. Hata hivyo, kama tofauti ya bei ni ndogo, kizazi cha 8 kinastahili nyongeza hiyo. i5-7200U ina viini 2, wakati i5-8250U ina viini 4. Herufi U mwishoni ina maana kwamba prosesa imeundwa kutumia umeme kidogo, jambo la maana kwa anayeshinda sokoni au njiani.

RAM isipungue GB 8, na diski iwe SSD. Laptopu yenye diski ya zamani inayozunguka itaonekana nzito hata prosesa ikiwa nzuri.

Kadi ya michoro: rahisi ndiyo bora

Kwa kazi za biashara, kadi ya michoro iliyomo ndani ya prosesa inatosha. Draiva za Intel na AMD zimo ndani ya Linux yenyewe, hivyo mashine ikiwaka, picha inatokea bila mtu kutafuta kitu cha ziada.

Nvidia ni habari nyingine. Draiva yake kamili huwekwa kando na hutegemea umri wa kadi. Mwaka 2025 kampuni hiyo ilitangaza kwamba draiva za mfululizo wa 580 ndizo za mwisho kwa kadi za kizazi cha GTX 900 na GTX 1000. Anayehariri video anaweza kuihitaji Nvidia, lakini achague kadi mpya zaidi. Mwenye duka la vitenge asilipie kadi asiyoihitaji, inayokula betri na kumletea usumbufu.

Jaribu papo hapo, kaunta

Kinga kubwa ni flashi ya GB 8 au zaidi iliyowekwa Ubuntu au Mint. Chomeka, washa mashine huku ukibonyeza F12 kwa Dell na ThinkPad, au F9 kwa HP, kisha chagua kujaribu bila kusakinisha. Hakuna kitakachofutwa kwenye diski.

Ndani ya robo saa, unganisha Wi-Fi, cheza sauti, fungua kamera, punguza mwanga, kisha funga kifuniko na kukifungua tena kuona kama mashine inaamka. Mashine ikidai nenosiri la BIOS ambalo muuzaji halijui, iache. Muuzaji akikataa jaribio, hilo nalo ni jibu.

Kabla ya kulipa, kuna swali la kodi. Anayetoa risiti kupitia eTIMS Kenya, EFRIS Uganda au EBM Rwanda aulize kama njia anayotumia inafanya kazi kwenye kivinjari au inadai programu ya Windows. Majedwali ya Excel yenye makro nayo yajaribiwe kwanza, kwa kuwa LibreOffice haiyaendeshi yote.

Risiti iandikwe modeli na namba ya mfululizo ya mashine, na laptopu za kuuza zitajwe forodhani. Utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani unahusu bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Laptopu iliyotengenezwa Asia haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu imenunuliwa Nairobi.